Kwenu walimu wa vyuo na madrasa, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu maustadhi, nina ombi moja kwenu: somo la mazingira lianzie kwenye bomba la udhu kabla ya kufika ubaoni.

Watoto wetu wanaisoma kwa tajwidi nzuri aya ya 31 ya Suratul Aaraf inayokataza israfu, yaani kutumia kitu kupita kiasi. Kisha huenda kutawadha, bomba likaachwa wazi tangu kusukutua hadi kuosha miguu, maji yakatiririka mpaka uani. Mwalimu yupo na anaona. Mtoto akinyamaziwa hapo, atadhani aya ile ni ya kuhifadhi tu, haina kazi nyingine. Na sisi ni watu wa visiwani. Kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi huingia chumvi.

Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima vilivyokutanishwa, karibu nusu ya chupa ya lita moja na nusu. Basi okoteni chupa tupu njiani, ikateni shingo, pigeni mstari katikati, na kila mtoto atawadhe kwa kiasi hicho. Mara ya kwanza yatamwishia mikononi. Msimcheke, mrudishieni ajaribu tena. Ila mkague visigino visibaki vikavu, maana udhu usiposihi hatujamfundisha kitu.

Pemba mnajua habari ya Misali. Kisiwa kilipofanywa hifadhi mwaka 1998, baadaye wavuvi walikalishwa wakafundishwa kwa Kurani na hadithi kuyahurumia matumbawe. Lilikuwa jambo jema sana, lakini wale walikuwa watu wazima wenye mazoea yao. Nyinyi mnao watoto wa miaka saba.

Kuhusu miti, sipendezwi na ile ya kupandwa siku ya sherehe ikaachwa ikauke. Chimbeni mfereji mdogo, maji ya udhu yaende kwenye mgomba au mpapai, na watoto wapeane zamu ya kuutunza.

Jumamosi chuo kikifunguliwa, anzeni na wadogo. Mwalimu atawadhe kwanza mbele yao, kwa chupa ileile.

Wassalaam,
Mzee wenu