Walimu wa jografia, tumieni Ruvuma kufundisha habari za Mirihi

Mhariri, salamu kutoka Mtwara. Naomba nijibu hoja ninayoisikia sana vijiweni huku, kwamba maji ya sayari ya Mirihi ni stori tu maana hakuna mtu aliyefika kule, sasa wamejuaje. Wamejua kwa kuipiga picha kutoka juu jamani, tena si jana. Mwaka 1971 chombo cha Mariner 9 kilianza kuizunguka, kikakuta vumbi limefunika sayari nzima, ikabidi wasubiri, vumbi lilipotulia ndo ikaonekana mikondo ya mito iliyokauka. Tangu 2006 kuna chombo kingine kinachoizunguka, Mars Reconnaissance Orbiter, kiko juu kilomita kama 300 na kamera yake inaona hata jiwe la ukubwa wa meza.

Mimi kinachonigusa zaidi ni shimo la Jezero huko Mirihi, upana wake kama kilomita 45. Magharibi mto uliingia ukamwaga tope likatanuka likawa delta, mashariki kuna mkondo wa kutokea, yaani lile shimo lilijaa ziwa mpaka likafurika! Halafu kwenye vyombo vinavyozunguka juu kuna vifaa vinavyopima mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini, kila madini yanameza mwanga kwa namna yake, ndo wakagundua pale kuna udongo wa mfinyanzi, na udongo huo hutokea mawe yakikutana na maji. Yote hayo yalijulikana kabla gari la Perseverance, lile lisilo na mtu ndani, halijatua pale Februari 2021.

Sasa watoto wetu wanakariri delta kwa ajili ya mtihani tu na Ruvuma wanayo hapa hapa, inaniuma sana. Wapelekeni mdomoni mwa mto waone tope linavyotua kwenye mikoko na maji yanavyogawanyika, wenzetu wa Lindi wanao Lukuledi. Kama nauli hakuna, picha za satelaiti za mito yetu zipo bure mtandaoni, na za Jezero pia bure, ziwekeni pamoja hata kwenye kompyuta moja ya shule, waulizeni mto umeingilia wapi, tope limeanza kutua wapi, na kwa nini hapo.

Na gazeti lenu likichapa picha hizo mbili ukurasa mmoja, hata kwa rangi nyeusi na nyeupe, huku tutazikata tuzibandike madarasani.

Mzazi,
Mikindani, Mtwara