Kwa mabinti wenye mimba wa Kiboriloni, ile sindano ya kliniki

Wajukuu zangu hamjambo. Juzi nilikuwa pale kwenye mitumba nachagua sweta, nikawasikia, mmoja anasema sindano ya kliniki ni ya kufunga kizazi wenzake wanaitikia, nikanyamaza ila moyo haukutulia. Sasa nasema.

Ile ni chanjo ya pepopunda. Mimi nilichomwa mimba ya pili, baada ya hapo nikazaa wengine wanne, sasa hicho kizazi alikifunga nani?

Mtoto wa wifi yangu alizaliwa nyumbani mzima kabisa, analia mpaka majirani wanacheka, kitovu kikakatwa na wembe kikapakwa samadi, ndo ilivyokuwa zamani. Siku ya sita akaacha kunyonya. Sio hataki, taya zimebana, unampa ziwa midomo inajivuta tu, na mlango ukibamizwa anakakamaa kama ubao, mgongo unapinda. Siku ya nane tukamzika, wifi maziwa bado yanamtoka.

Hiyo ndo pepopunda, wadudu wake wanakaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Tanzania ilitangazwa 2012 kwamba imedhibiti pepopunda ya wachanga, sawa, lakini udongo si upo pale pale? Mtoto chanjo yake ya pepopunda anaanza akiwa na wiki sita, na kitovu hakisubiri hizo wiki sita, ndo maana unachomwa wewe, mwili wako unatengeneza kinga inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia humo humo tumboni.

Kama hujawahi kuchanjwa, ya kwanza unapewa siku unayoanza kliniki, ya pili baada ya wiki nne, na iwe angalau wiki mbili kabla hujajifungua, kwa hiyo habari ya kusubiri tumbo la miezi nane muache jamani. Zingine zinafuata hata ukishazaa, zikitimia tano zinakulinda miaka yako ya kuzaa. Mkono utauma siku moja mbili, basi. Na nesi hachomi chochote tu, ile ya surua na rubela mjamzito hapewi maana ina virusi hai.

Kadi wekeni kwenye nailoni isilowe, na mimba ijayo uende nayo.

Na wewe wa sketi ya kijani, miezi mitano hujakanyaga kliniki, Jumatatu asubuhi nakupitia, nikukute umeshakunywa chai.