Kabla ya mche, wapeni watoto ukurasa mmoja wasome

Mhariri,

Kila masika yanapokaribia, watoto hupelekwa kupanda miti kwenye bustani za mji wa Arusha na kingo za mito ya Themi na Naura. Tunawaomba walimu, wazazi na wote wanaojitolea kuandaa siku hizo watenge dakika 40 za kusoma kabla ya kushika jembe.

Kwa darasa la tatu na la nne, andaeni habari ya maneno 120 hadi 150 kuhusu bustani hiyohiyo watakayokwenda. Ikiwa iko kando ya mto, itaje mita 60 kutoka ukingo wa mto zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ili watoto wakazipime kwa kamba. Nakala moja kwa wawili inatosha. Mtu mzima asome kwa sauti mara moja bila kukatiza, kisha watoto wasomeane. Darasa zima likisoma kwa pamoja, asiyejua kusoma hujificha humo: anadaka mwisho wa neno kutoka kwa jirani. Na "Mmeelewa?" liachwe, maana jibu lake ni "Ndiyooo" siku zote.

Zoezi linaloamsha mazungumzo ni la vipande vya karatasi. Andika kila hatua kwenye kipande chake: chimba shimo la sentimita 45 kila upande, tenga udongo wa juu na wa chini, chana kiriba (mfuko wa nailoni wa mche) ukitoe chote, simamisha mche, rudishia udongo ukianza na ule wa juu, mwagilia, tandaza majani makavu yasiguse shina. Vichanganye, wavipange wanne wanne. Watabishana, na waachwe wabishane. Kiangalie kipande cha kiriba: wapo watakaokiweka mwisho, kwa kuwa wamewahi kuona mche ukifukiwa na nailoni yake. Usiwasahihishe upesi. Uliza, "Mzizi ukigusa nailoni utakwenda wapi?" Kisha chana mbele yao kiriba cha mche uliokaa sana kitaluni, waone mizizi ilivyojiviringisha chini kama uzi.

Neno litakalowachelewesha ni kujitolea. Mtoto anayemwagilizishwa maua kwa kosa la kuchelewa shule ataaminije kuwa mtu mzima anafanya kazi hiyo Jumamosi kwa hiari yake? Jadilini adhabu, msaragambo (kazi ya pamoja ya jamii) na kujitolea: nani anaweza kukataa, na akikataa hufanywa nini? Walimu wenzetu, tafadhali acheni kabisa kuufanya umwagiliaji adhabu.

Wasome tena habari ileile mwezi Juni, mvua zikishakata. Wakiwa bustanini wahesabu miche iliyo hai na kuandika sentensi tatu: ipi imekufa, wanadhani kwa nini, na nani atamwagilia hadi vuli. Karatasi hizo, kwa mwandiko wao wenyewe, zifikishwe kwa mtendaji wa mtaa kabla kiangazi hakijashika.

Walimu wa kujitolea,
Arusha