Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa bustani na miche, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Assalam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni na foleni.

Hesabu atazisoma mhazini. Suala la eneo la kuuzia miche bado liko manispaa, tukijibiwa tutaitana. Muda wangu nautumia kwa ua la bluu, maana mwaka huu ndilo lililoleta maswali mengi kuliko miche mingine yote.

Kwa mliojiunga juzijuzi: ni mmea wa kutambaa, ndugu wa kunde na choroko, kitaalamu Clitoria ternatea. Thailand wanatengeneza kinywaji cha maua yake, Malaysia wanapikia wali ukawa wa bluu. Sisi tulikuwa tunauacha uzioni kama pambo.

Wengi mlilalamika kwamba mbegu haioti. Mbegu ni nzima, ila ganda lake gumu, maji hayapenyi. Ikwaruze kwa msasa upande usio na kovu (pale mbegu iliposhikana na ganda la tunda), kisha iloweke usiku kucha. Asubuhi iliyokunywa maji itakuwa imevimba. Iliyobaki ndogo na ngumu irudie msasa. Panda kina cha sentimita 1 hadi 2, mvua za masika zikianza, mahali penye jua. Weka fito au waya, kwani hupanda mita 2 hadi 3. Baada ya miezi miwili hivi maua yanaanza.

Mbolea ya urea msiiweke. Ng'oa mche mmoja uone vinundu mizizini: humo bakteria wananasa naitrojeni ya hewani, na wewe unanunua mfuko wa nini? Mchanga wetu wa Kigamboni miche hii inauvumilia, na kiangazi pia. Isichopenda ni maji kutuama muda mrefu, kwa hiyo wenzetu wa bonde la Msimbazi wapande juu ya matuta.

Maua yachumwe asubuhi yakishafunguka, kikonyo cha kijani kitolewe, yatandazwe kwenye chanja kivulini, kwa sababu jua kali linafifisha rangi. Lifikiche moja kwa vidole: likivunjika limekauka, likikunjika rudisha, la sivyo litaota ukungu kwenye mfuko. Mbele ya mteja kamulia limau kwenye kikombe. Chai ya bluu inageuka zambarau palepale, kwa kuwa rangi hiyo hubadilika ikikutana na uchachu. Huo mchezo unauza kuliko maneno yetu yote. Kuna mgahawa ulichukua maua kwa mali kauli na hadi leo simu hazipokelewi. Kamati imeamua kwamba maua hayatoki tena bila pesa mkononi.

Na hapa niseme wazi. Sitaki kusikia tena mwanachama anamwambia mteja kwamba chai hii inaponya kisukari au presha. Sisi tunauza chai. Tena mbegu na mizizi vinaharisha, msiviache watoto wakavichezea. Mwenye nia ya kufungasha kwa ajili ya maduka aende Shirika la Viwango, TBS. Mambo ya usajili wa vyakula yalihamia huko tangu 2019.

Kwa maoni yangu, waliofaidi zaidi ni wafugaji, ingawa hawakupiga picha nyingi kama wa chai. Majani yake yana protini na mifugo inayapenda mno. Sudan na Australia wanaulima kama malisho. Ila usimfungulie mbuzi shambani, atautafuna hadi chini na hautachipua vizuri. Kata wewe, acha kisiki kirefu kidogo, umpelekee bandani.

Maganda yaliyokauka yavuneni kabla hayajapasuka, maana yakipasuka mbegu zinatawanyika. Mbegu za msimu ujao ziko kwa katibu: kila mtu kiganja kimoja bure, na akivuna arudishe viganja viwili kabla ya masika yanayofuata. Waliochukua mwaka jana na hawajarudisha, majina yao katibu anayo, atayasoma baada ya chai.

Mwenyekiti