Beti za kale zitajwe na hati zilikotoka

Mhariri,

Tasnifu nyingi za fasihi hudai kutumia vyanzo asilia, kumbe mwandishi amefungua diwani iliyopigwa chapa mwaka 1940. Diwani hiyo ya mshairi Muyaka bin Haji iliandaliwa na William Hichens, kwa sehemu kubwa kutokana na beti alizokusanya mmisionari W. E. Taylor huko Mombasa miaka ya 1880, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Wakati huo Muyaka alikuwa kaburini yapata miaka 40. Anayetaka kumkaribia na aombe karatasi za Taylor zenyewe, zilizoko maktaba ya chuo cha SOAS, London. Hata hapo atasoma walichonukuu wengine, si mkono wa Muyaka.

Wengi hukwama mapema kwa sababu hutafuta kwa jina la mshairi, ilhali hati hizi aghalabu zimeorodheshwa kwa jina la mkusanyaji: Taylor, Hichens, au J. W. T. Allen. Hazina ya Allen iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Ipitieni kabla ya kumwendea mkutubi. Majina ya tungo nayo hubadilika. Ukikosa "Utenzi wa Tambuka", jaribu "Utendi", kisha "Chuo cha Herekali", kisha "Kyuo kya Hereqali".

Kazi kubwa ni kusoma. Katika hati nyingi za herufi za Kiarabu, be moja husimama badala ya b, p, mb au mp. Kasra ni i au e, fatha ni a. Na nuni (n) inayotangulia dali (d) mara nyingi haiandikwi. Kwa hiyo be yenye kasra ikifuatwa na dali yenye fatha yaweza kuwa "penda" au "pinda". Mizani haitakusaidia hapo, maana yote mawili yana silabi mbili. Tazama maana ya ubeti mzima, kisha linganisha na nakala nyingine. Usikisie kimyakimya: andika ulivyosoma, na pembeni uonyeshe herufi zilivyo.

Tarehe za Hijria nazo zimewapotosha wengi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku 10 au 11, basi zidisha kwa 0.97 ndipo ujumlishe 622. Utendi wa Mwana Kupona ni wa 1275, yaani 1858. Ukijumlisha 622 tu utapata 1897, na Mwana Kupona, mtunzi wake, alifariki karibu na 1860! Tena chunguza kama tarehe iliyo mwishoni ni ya mtunzi au ya mnukuzi.

Mezani tumia penseli, si kalamu ya wino. Kabla ya kupiga picha, weka kando ya ukurasa kikaratasi chenye jina la maktaba, nambari ya hati na nambari ya karatasi, upande wa mbele au wa nyuma. Picha 200 zisizo na nambari hazinukuliki, na atakayekuja baadaye hawezi kukuhakiki.

Nanyi wahariri, mnapochapa beti za kale katika safu ya mashairi, tunaomba chini yake muongeze mstari mmoja tu: zimetoka hati ipi, nambari gani, maktaba ipi.

Mkutubi wa hati za Kiswahili,
Mombasa