Tuzo za urafiki wa mataifa ziwafikie wanaofua mashuka

Mhariri,

Kila msimu wa tuzo za diplomasia ya raia, yaani urafiki wa mataifa unaojengwa na watu wa kawaida, ukifika, majina yanayosomwa jukwaani karibu yote ni ya wenyeviti, wafadhili na wageni rasmi. Familia iliyomlea mwanafunzi wa kigeni mwaka mzima wa masomo, mkalimani aliyekaa katikati ya wajumbe tangu asubuhi hadi jioni, mratibu aliyeandika barua za mwaliko wa viza na kuzifuatilia moja moja, hao wamekaa nyuma ya ukumbi, na wengine wako jikoni. Chanzo kikubwa cha dhuluma hii ni makaratasi, kwa hiyo inarekebishika.

Kamati ya tuzo husoma kilichoandikwa, basi. Fomu ya mapendekezo hujazwa siku chache kabla ya tarehe ya mwisho, na anayeijaza humkumbuka aliyetoa hotuba. Matokeo yake ni sentensi kama "amejitolea kwa moyo wote" au "ni balozi wa kweli wa amani". Hakuna kamati inayoweza kuzipima, maana zinamfaa mtu yeyote. Dawa ni daftari linalofunguliwa siku ya kwanza ya ziara: tarehe, jina, kazi iliyofanyika, saa zilizotumika, tatizo lililotatuliwa. Mfano wa mstari mmoja: "Jumanne saa 8 usiku, kampokea mgeni uwanja wa ndege, ndege imechelewa saa 5, begi halikufika, kampa nguo za kubadili, Jumatano kafuatilia begi, limepatikana Alhamisi." Mistari 20 ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa 3 za sifa, na kuiandika hakuchukui hata dakika 5 kwa siku. Anayesubiri ziara iishe ndipo aanze kukumbuka, huwa amekwisha kuwapoteza nusu ya watu wake.

Kasoro ya pili ni kuhesabu vichwa. Wajumbe 40 waliolala hotelini siku 4 na kupiga picha mbele ya jengo la halmashauri huonekana kazi kubwa kuliko walimu 2 waliokaa majumbani mwa wenzao miezi 3, wakafundisha, wakaugua, wakauguzwa. Fomu iulize mambo mawili ambayo kwa kawaida haiulizi. Je, safari zimekwenda pande zote mbili, au upande mmoja hupokea tu kila mwaka? Na baada ya miaka 2 au 3, nini bado kinaendelea bila kusukumwa na ofisi? Ushahidi uje kwa barua mbili, moja ya mwenyeji na moja ya mgeni, kila mmoja akiandika kwa lugha yake mwenyewe, na tafsiri iambatanishwe. Mgeni akilazimishwa kuandika kwa lugha asiyoimudu, huishia kushukuru kwa maneno matatu, na kamati hudhani hakuguswa.

Kwenye kamati yenyewe, watu 5 wanatosha, mradi mmoja awe amewahi kulaza wageni nyumbani kwake na mwingine atoke nchi ya pili. Mwenye undugu au kazi na anayependekezwa atoke chumbani, na kumbukumbu zionyeshe alitoka.

Waliotutangulia walijua thamani ya jina la mtu wa kawaida. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanawake zaidi ya 800 wa Coventry, Uingereza, mji uliokuwa umeteketezwa kwa mabomu, walitia majina yao kwenye kitambaa cha meza kilichotariziwa, wakakipeleka Stalingrad (leo Volgograd, Urusi) pamoja na mchango wao wa fedha. Mwaka 1944 miji hiyo ikafunga udugu. Kwenye kitambaa kile yamo majina ya wanawake wenyewe, moja baada ya jingine.

Tuzo nayo ichaguliwe kwa akili. Ngao ya kioo ni nzito, huvunjika begini, na ikifika salama hukaa kabatini. Tuzo ya Ulaya, ambayo Baraza la Ulaya limekuwa likiitoa kwa miji tangu mwaka 1955, ina mfano mzuri. Mji hupanda ngazi: diploma kwanza, kisha bendera ya heshima, kisha bamba la heshima, ndipo tuzo yenyewe, na tuzo hiyo huja na fedha za safari ya mafunzo kwa vijana wa mji ulioshinda. Hivyo heshima ya leo hulipia ziara ya kesho. Hata kikundi kidogo kinaweza kumpa familia mwenyeji tiketi moja ya kumtembelea aliyewahi kulala kwao.

Mwisho ni cheti na idhini, na hapa ndipo aibu nyingi hutokea. Wachina, Wakorea na Wahungaria hutanguliza jina la ukoo. Anayeligeuza bila kuuliza humkabidhi mtu cheti cha mgeni mwingine. Mhusika aandike jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, aone nakala ya majaribio, aikubali, ndipo kichapwe. Picha ya mtoto isitoke bila ruhusa ya mzazi iliyoandikwa. Na kabla ya kutangaza jina lolote, mwenyewe aulizwe faraghani, kwa sababu wapo ambao kusifiwa hadharani kuwa marafiki wa taifa fulani kunaweza kuwatia matatani kwao. Akikataa, apewe barua ya shukrani isiyotangazwa, yenye tarehe na kazi alizofanya kama zilivyo daftarini.

Waratibu wa kujitolea wa programu za kubadilishana wanafunzi