Mheshimiwa Gavana, tuiteni kabla hamjaamua

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia baada ya kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti kilichofanyika katika wadi yetu hapa pwani. Tuliitwa saa tatu asubuhi, maafisa wakafika karibu saa sita. Kitabu cha makadirio, Kiingereza kitupu, kilikuja nakala chache kwa ukumbi mzima. Hatujafungua hata ukurasa wa pili, orodha ya mahudhurio ikaanza kuzungushwa tutie sahihi. Mama mmoja muuza samaki akasimama, akaeleza kwamba mashine ya barafu sokoni imekufa na samaki wanamwozea mikononi. "Tumechukua maoni yako, mama," afisa akamjibu, kisha akampa mwingine kipaza sauti. Nilikuwa safu ya mbele. Kalamu ya afisa yule ilikuwa mezani, hakuigusa.

Na orodha ile ndiyo itakayopelekwa kuwa ushahidi kwamba tulishirikishwa.

Ibara ya 1 ya Katiba inasema mamlaka yote ni ya wananchi, nao wanaweza kuyatumia wao wenyewe moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Kila tukilalamika huwa tunaambiwa: mlishapiga kura, tuacheni tufanye kazi, mtatuhukumu 2027. Hiyo ni nusu tu ya kile Wakenya walichopitisha kwenye kura ya maoni ya Agosti 2010. Ibara ya 201 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, haisemi wafanye hivyo kila baada ya miaka mitano.

Kinachotuumiza zaidi ni wakati. Kwa sheria, mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba, mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Ukituita Mei, fungu la kila idara limeshapangwa. Mashine ya barafu itaingizwa wapi?

Mambo haya yanawezekana. Porto Alegre, kule Brazil, tangu 1989 wakazi walikutana mtaa kwa mtaa, wakapanga wenyewe kipi kitangulie, maji au barabara, na wakachagua wajumbe wa kuifuatilia bajeti. Mpango ule ulidhoofika baadaye viongozi walipoacha kuujali, nalo hilo ni la kuzingatia. Lakini hatuhitaji kwenda mbali: hapa hapa Kenya, katika Kaunti ya Makueni, mikutano imekuwa ikianzia kijijini ndipo ipande hadi wadi na kaunti.

Kwa hiyo tunaomba tuitwe wakati mpango wa mwaka unaandikwa. Tunaomba muhtasari wa Kiswahili, kurasa chache tu, ubandikwe sokoni, msikitini, kanisani na kwa chifu wiki mbili kabla ya kikao. Na baada ya kikao, tupewe ripoti ya wadi inayoonyesha pendekezo gani limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Mama yule akiambiwa fedha za mashine zimeenda kukarabati zahanati, huenda akabisha, lakini atabisha akijua zilikokwenda.

Mpango wa mwaka ujao utatakiwa bungeni 1 Septemba. Tunaomba utangaze tarehe ya kikao cha wadi yetu mapema, Agosti isitukute tukingoja.

Wako,
Mkazi na mpiga kura wa kaunti yako